Nilivyochemka kwa Mheshimiwa, na nilivyorudi mara ya pili

Slaidi 34. Ndizo nilizobeba siku ya kwanza naenda kumwona mbunge wangu, na mpaka tunaagana nilikuwa nimefika ya 4. Projekta hakuna, maana sikuuliza, nilijiaminisha tu kwamba ofisi ya mtu mkubwa lazima iwe na projekta, basi nikaishia kuishika laptopu mapajani nimemgeuzia Mheshimiwa kioo kama mchuuzi anayeonyesha saa, shingo imepinda na mimi mwenyewe sioni vizuri nilichoandika. Nilipewa dakika 15. Simu yake iliita mara tatu, mbili akapokea.

Naandika haya kwa mainjinia wenzangu, wa programu, wa umeme, wa maji, wa barabara, wowote wale, mliowahi kusoma muswada wa sheria mkashika kichwa mkasema hawa watu wanatunga nini, halafu mkafunga faili mkaendelea na kazi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo zaidi ya miaka 10. Siasa niliona ni ya wenye maneno mengi, sisi wetu ni mitambo. Mpaka muswada ulipokuja kugonga mlango wangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mtu alituma kwenye grupu letu la kazini picha ya ukurasa wa muswada wa usalama wa mitandao, kifungu kimezungushiwa duara jekundu. Kifungu cha tafsiri kilisema "mtoa huduma" ni mtu yeyote anayemiliki au kuendesha kifaa kinachopokea na kupeleka taarifa. Soma tena polepole. Kwa maneno hayo mama yangu mzazi mwenye ruta sebuleni ni mtoa huduma. Kijana anayemgawia mwenzake intaneti kwa simu ni mtoa huduma. Mwenye nyumba aliyefunga kamera getini, mtoa huduma. Halafu mbele huko kuna kifungu kingine, kila mtoa huduma anayepitisha ujumbe uliofungwa, yaani uliogeuzwa usisomeke bila ufunguo wake, awe na nakala ya ufunguo huo na aitoe ndani ya saa 24 akiombwa. Akiombwa na nani, kwa amri ya nani, hakuna.

Tukafanya nini? Tukacheka. Grupu lilijaa vikatuni siku mbili nzima. Mimi nikaona haitoshi, nikaandika hadharani kwamba waliotunga kifungu hiki hata kompyuta wanamwita mtoto aje awawashie. Ikasambaa balaa, nikapata sifa, nikavimba kichwa. Hii ishikeni, tutairudia.

Kuhusu kucheka nina mfano mmoja ambao siku hizi nawapa watu. Mwaka 2017 aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, Malcolm Turnbull, aliulizwa kuhusu ujumbe uliofungwa kwa hesabu ambazo hata kampuni yenyewe haina namna ya kuufungua, akajibu kwamba sheria za hisabati ni nzuri sana ila sheria inayotumika Australia ni sheria ya Australia. Watu wa kompyuta tulicheka mpaka machozi. Desemba 2018 bunge lao likapitisha sheria ya kuzitaka kampuni zisaidie vyombo vya usalama kufikia mawasiliano ya namna hiyo. Vichekesho vyetu sidhani kama vilibadilisha hata koma moja.

Kilichoniamsha mimi lakini hakikuwa Australia, nisijipe sifa. Ni kwamba mfumo ninaousimamia kazini unapitisha majibu ya vipimo vya wagonjwa kutoka maabara kwenda kwa madaktari, na yote yamefungwa, na nikapiga hesabu kwamba ule muswada ukipita ulivyo, mimi ndiye mtu wa kukaa na zile nakala za funguo. Mimi, na jina langu, na faini yake. Hapo kicheko kikaisha.

Nikaandika barua pepe ndefu kwenda anwani ya ofisi ya mbunge. Wiki tatu kimya. Nikaandika nyingine ndefu zaidi, kama vile tatizo la ile ya kwanza lilikuwa ufupi. Kimya. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe ofisi ya jimbo, na pale nikamkuta msaidizi wa mbunge, binti mdogo tu ambaye nusura nimpite nikitafuta "mhusika". Jamani, yeye ndiye mhusika. Yeye ndiye anayesoma barua, anayepanga nani aingie, anayeandika pointi za Mheshimiwa za kusemea bungeni. Barua zangu zote mbili alikuwa amezifungua, akaniambia bila kuficha kwamba alifika aya ya pili akaziweka pembeni. Akaniuliza mambo mawili tu. "Injinia, wewe ni mkazi wa jimbo hili?" Ndiyo. "Na unataka Mheshimiwa afanye nini?" Nikaanza kumweleza jinsi funguo zinavyofanya kazi. Akaandika kwenye kitabu chake: elimu ya mitandao, dk 15.

Ndivyo nilivyopata ile miadi ya slaidi 34. Sikuelewa kwamba nilishashindwa pale pale mezani kwake.

Ngoja niwaeleze dakika 15 zilikwendaje. Nne ziliishia kwenye laptopu. Tano nikaeleza historia, nikataja vifupisho ambavyo hata injinia wa fani nyingine asingenielewa. Mheshimiwa ni mwalimu wa zamani, mtu msikivu, ila niliona kabisa macho yake yanakwenda dirishani. Halafu akaniuliza swali la maana kuliko yote, akasema sasa Injinia, mtoto wa mtu akitekwa, na mpango wote uko kwenye simu ya mtekaji, wewe unaniambia polisi wakae tu wanatazamana? Nikamjibu, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya, nikamwambia kitaalamu hilo la kuwa na nakala ya ufunguo haliwezekani Mheshimiwa. Nikakunja mikono.

Akasema mbona wiki iliyopita alikaa hapo hapo mtaalamu mwingine akamwambia linawezekana.

Na yule mtaalamu alikuwa sahihi! Kutunza nakala ya ufunguo kunawezekana, hata mimi naweza kuijenga hiyo kitu ndani ya wiki mbili. Kisichowezekana ni kuitunza nakala hiyo halafu uhakikishe watu wema tu ndio watakaoitumia milele. Ni vitu viwili tofauti, mimi nilivichanganya kwa uvivu, kwa sababu "haiwezekani" ni neno fupi na linamnyamazisha mtu. Kwa wenzangu ofisini linafanya kazi. Kwa mbunge lilinigeuza kuwa mtu ambaye ama hajui ama anaficha, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Mlangoni yule binti akaniuliza tena, kwa hiyo tumwandikie Mheshimiwa afanye nini? Nikasema nataka tu aelewe. Akafunga kitabu chake.

Sijamaliza kuchemka. Kwenye barua pepe zangu sahihi ya chini ilikuwa ya kazini, jina la kampuni, cheo, nembo, kila kitu. Siku mbili baadaye bosi akaniita, kuna mtu amepiga simu kuuliza kama kampuni yetu inapinga muswada wa serikali. Uso wake siwezi kuueleza. Sikufukuzwa, ila nilipewa maneno, na kwa miezi kadhaa nilikuwa naangaliwa kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: nenda kama wewe, mkazi na mpiga kura mwenye taaluma, tumia barua pepe yako binafsi, siku yako ya likizo, na kabla ya yote soma mkataba wako wa ajira. Kama ni mtumishi wa umma soma na kanuni za utumishi, huko kunaweza kuwa na masharti makali zaidi. Na kama kuna mtu anakulipa uende kumshawishi mbunge, hiyo ni habari nyingine kabisa, kuna nchi lazima uandikishwe kwanza, Marekani kwa mfano wana sheria ya hayo mambo ya mwaka 1995. Zawadi usibebe hata kalamu.

Nilitaka kuacha. Kweli kabisa. Aliyenirudisha ni rafiki wa zamani wa shule ambaye amewahi kufanya kazi kama karani wa kamati ya bunge. Nilimsimulia nikitegemea anionee huruma, badala yake akacheka sana halafu akaniambia kitu ambacho kama ningeambiwa mwanzo nisingepoteza siku hata moja. Akasema, yule mtu mezani kwake ana miswada sita. Ana misiba, ana barabara, ana zahanati isiyo na dawa, ana watu 40 nje wanaomsubiri. Bungeni atapewa dakika chache za kuchangia. Wewe usimpe somo, mpe hizo dakika. Mpe namba ya kifungu, kinasemaje, kitamfanya nini mtu wa jimboni kwake, na maneno mapya ya kuweka badala yake. Yaandike wewe hayo maneno mapya, usiseme kirekebishwe, sema kisomeke hivi.

Halafu akaniuliza, muswada umefika hatua gani? Sikujua. Miezi miwili napigana na kitu na sijui kiko wapi. Kumbe ulikuwa umeshasomwa mara ya kwanza na uko kamatini, na kamatini ndiko maneno yanakobadilika kirahisi, ukishatoka pale kurudi kwenye mjadala wa bunge zima kila mtu ana msimamo wake hadharani na kurudi nyuma inakuwa aibu. Na ukipitwa na hapo pia si mwisho, kuna kanuni ambazo wizara inatunga baada ya sheria kupita, na humo ndimo mambo mengi ya kiufundi yanakoamuliwa na karibu hakuna anayekwenda kutoa maoni. Kuna na mabunge yenye ofisi za utafiti, la Uingereza lina kitengo chake cha sayansi na teknolojia tangu 1989, Marekani walikuwa na cha kwao kuanzia 1972 wakakifunga 1995. Kama kwenu kipo nenda ukaongee nao, wale wana muda wa kusikiliza ambao mbunge hana.

Basi nikakaa chini. Jioni kama 10 hivi nilikuwa naandika ukurasa mmoja. Mmoja! Ripoti ya kurasa 80 naimaliza kwa wiki, ukurasa mmoja wa kumpa mbunge ulinitoa jasho. Nikawa namsomea mama watoto, yeye ni muuguzi, na tukakubaliana kila nikitaja neno asilolijua anagonga meza. Siku ya kwanza alinigongea mara 19, mpaka watoto wakatoka kuangalia nani amekuja. "Usimbaji fiche", gonga. "Seva", gonga, ingawa hilo nilimbishia. Mwisho tukabaki na kufuli, ufunguo, na ufunguo wa akiba. Kila mtu anajua ufunguo wa akiba. Na kila mtu anajua wizi unavyotokea pale ambapo ufunguo wa akiba wa nyumba 300 umetundikwa ukuta mmoja.

Nikatafuta na mfano mmoja wa kweli. Nilikuwa nayo mingi, nikabakiza wa Ugiriki. Mitambo ya simu huwa inawekewa makusudi sehemu ya kusikilizia, ili polisi wakija na amri ya mahakama wamsikilize mshukiwa. Sasa kati ya 2004 na 2005 kuna watu walijipenyeza kwenye mitambo ya kampuni moja ya simu kule Ugiriki, wakaitumia sehemu hiyo hiyo kwa shughuli zao, wakasikiliza simu kama 100 kwa miezi. Za nani? Ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, za mawaziri, za wakubwa wa ulinzi. Wananchi walikuja kuambiwa Februari 2006. Mfano wa akiba nilikuwa na wa Marekani, ambako tangu 1994 sheria inazitaka kampuni za simu ziwe na uwezo wa kuwasikilizisha polisi simu za mshukiwa, na 2024 serikali yao ikatangaza kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni kadhaa na kunakili hata baadhi ya taarifa ambazo vyombo vya sheria vilikuwa vimeziomba kwa amri ya mahakama. Yaani mlango uliojengwa kwa ajili ya polisi ukapitwa na wengine kabisa.

Kuomba miadi ya pili kulikuwa rahisi ajabu. Nilimwandikia yule msaidizi meseji ya mistari mitatu, nataka Mheshimiwa apendekeze kamatini kifungu cha tafsiri kisomeke hivi, nina ukurasa mmoja, dakika 10 zinatosha. Akajibu siku hiyo hiyo.

Nikafika nusu saa kabla, nakala mbili mkononi, laptopu nimeiacha nyumbani. Naingia, Mheshimiwa hajanikaribisha hata kiti, anamwangalia msaidizi wake, msaidizi anageuza simu, na pale kwenye kioo nikaona maneno yangu mwenyewe. Ile ya mtoto wa kuwasha kompyuta. Damu ilinishuka mpaka kwenye nyayo. Nilidhani hapa nafukuzwa. Mheshimiwa akavua miwani, akasema, "Basi leo mtoto mwenyewe amekuja. Haya, washa."

Tukacheka wote, mimi kicheko cha mtu aliyeponea. Nikaomba radhi, sikuzunguka, nikasema niliandika kwa hasira na haikuwa haki, hata mimi kuna mambo ya bungeni sikuyajua mpaka juzi. Akasema yaishe. Yaliisha, lakini nawaambieni, kabla hujaenda kumwona mtu pitia kwanza uliyoyaandika juu yake, maana wao watapitia.

Kisha nikarudi mwenyewe kwenye swali la mtoto aliyetekwa, kabla hajaniuliza. Nikamwambia Mheshimiwa mara ile nilikujibu vibaya. Nakala ya ufunguo inawezekana kutunzwa. Nikamweleza ukuta wa nyumba 300, nikampa ya Ugiriki. Alipofika kwenye waziri mkuu na mawaziri alikaa sawa kwenye kiti. "Kumbe na sisi wenyewe?" Na nyinyi wenyewe, Mheshimiwa, tena nyinyi kwanza, nani atahangaika na simu yangu mimi. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, siwezi kusema uongo, slaidi 34 za hatari kwa wananchi hazikufanya kilichofanywa na hofu moja ya kwake mwenyewe. Sijui kama hilo ni jambo la kufurahia. Ndivyo ilivyo.

Akauliza polisi wabaki na nini sasa. Nikamwambia wanabaki na simu yenyewe wakiikamata, wanabaki na kumbukumbu za nani kampigia nani na saa ngapi, wanabaki na nakala ambazo watu wengi huwa wanazihifadhi kwingine bila kufungwa, yote kwa amri ya mahakama. Je, itatosha kila mara? Nikasema hapana, kuna siku haitatosha, sitakudanganya. Nilikuwa nimeogopa sana kulisema hilo. Msaidizi wake aliniambia baadaye kwamba Mheshimiwa alianza kuniamini hapo.

Kuna swali moja la gharama aliniuliza sikuwa na jibu, nikasema sijui Mheshimiwa, keshokutwa nitakuletea, na keshokutwa nikapeleka kweli, mistari minne kwa meseji. Kuahidi jibu ni rahisi, kulipeleka kwa wakati ndiko wengi wanakoshindwa, na wao wanakumbuka.

Sasa sehemu iliyoniuma. Nilikwenda na maombi matatu. La kwanza tafsiri ya mtoa huduma. La pili kile kifungu cha nakala za ufunguo. La tatu lilikuwa la wale vijana wanaotafuta matundu ya usalama kwenye mifumo, yale ambayo mwizi angepitia, na kutoa taarifa kwa nia njema, muswada uliwaweka kapu moja na wezi na mimi nilitaka waondolewe humo. Msaidizi akaniambia chagua mawili, matatu hayabebeki. Nikalitupa la tatu. Wenzangu kadhaa, ambao ndiyo kazi yao hiyo, hawakunielewa kabisa, mmoja mpaka leo salamu yake ni ya mbali. Alisema nimekwenda kule nikawauza. Nilijaribu kumwambia na yeye aende kwa mbunge wake, majimbo ni mengi, kila mmoja akibeba mawili si yanatimia? Akasema ni kazi bure, wanasiasa hawasikii.

Hilo la kazi bure nalijibu hivi. Kule Indiana, Marekani, mwaka 1897, daktari mmoja wa tiba alijiaminisha kwamba amegundua hesabu mpya ya duara, ikapelekwa bungeni kama muswada namba 246, ambao ukiufuata pai, ile namba ya duara ya 3.14 na kidogo, inaweza kutoka 3.2. Baraza la wawakilishi la jimbo likaupitisha kura 67 kwa 0. Kwa bahati tu profesa wa hisabati wa chuo kikuu cha Purdue, C. A. Waldo, alikuwa amefika pale kwa shughuli nyingine kabisa ya kufuatilia fedha za chama cha sayansi, akausikia, akakaa na maseneta akawaeleza, na seneti ikauweka kando na huo ukawa mwisho wake. Mtu mmoja, aliyekuwepo. Au Ulaya, tarehe 6 Julai 2005, bunge lao lilikataa sheria ya hataza za programu, yaani haki ya mtu kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, kwa kura 648 dhidi ya 14, 18 hawakuegemea upande, baada ya miaka ya watengeneza programu kwenda kuongea na wabunge. Na niseme haki, pale mwishoni hata waliokuwa wanaitaka sheria waliona heri ife kuliko ipite imekatwakatwa, kwa hiyo ushindi haukuwa wa upande mmoja kama tunavyopenda kusimulia. Lakini imekatwakatwa na nani kama si na hao hao waliokwenda kuongea?

Kamati ikaita watoa maoni. Nikapata dakika 7, nilikuwa nimejiandaa kwa 5, zilizobaki nikajibu maswali. Mjadala ulipofika bunge zima nilikuwa kazini nasikiliza kwa sikio moja chini ya dawati, na Mheshimiwa akasimama, akasoma tafsiri yangu karibu neno kwa neno, na ule mfano wa funguo za nyumba 300 akautia chumvi zikawa 3,000, bunge likacheka. Jina langu hakulitaja. Kwa sekunde mbili nilisikia wivu, nikiri. Halafu nikakumbuka ya bosi, nikashukuru.

Tafsiri ilibadilika. Mama yangu si mtoa huduma tena. Kifungu cha nakala za ufunguo kikageuzwa, sasa mtu anatoa taarifa alizonazo tu, kwa amri ya mahakama, ila saa 24 walikataa kuzibadilisha, na kwa ofisi ndogo saa 24 ni mateso. Wale vijana wa matundu hawakupata kitu. Mimi gharama yangu jumla ni siku 5 za likizo, nauli zangu, jioni nisizohesabu, rafiki mmoja, na kupanda cheo ambako ninaamini kulichelewa mwaka mzima ingawa hakuna atakayekubali.

Wale wa fani nyingine msione haya ni ya kompyuta tu. Jamaa yangu mmoja wa barabara alihangaika mwaka mzima na michoro ya mitaro kwa diwani wake, diwani anaitikia tu ndiyo ndiyo. Siku moja akampigia simu mvua inanyesha akamwambia toka nje hapo ulipo, nakuja kukuchukua. Wakasimama kwenye kalavati maji yanapita juu yake, viatu vimejaa tope, hakuna aliyesema kitu. Sheria ndogo ya ujenzi kwenye mikondo ya maji ilijadiliwa kikao kilichofuata. Kama kitu chako kinaonekana kwa macho usiende ofisini, mtoe yeye nje. Mimi bahati mbaya changu hakionekani.

Na usiende kundi la watu kumi, watatu inatosha, na msipingane mbele yake, mpingane mkishatoka. Picha omba kwanza. Chama chake hata kama hukipendi kiache mlangoni. Na usiende tu siku una shida, mimi niliandika meseji ya kushukuru muswada ulipopita, hata kama nusu yake ilikuwa inaniuma.

Juzi usiku, saa nne inaelekea saa tano, simu ikalia. Ni yule msaidizi. "Shikamoo Injinia, samahani kwa usiku. Kuna muswada mwingine wa taarifa binafsi, kifungu kinasema mtu akiomba, data zake zifutwe kabisa kila mahali ndani ya siku moja. Hivi kitu kinaweza kufutwa kabisa?" Nikafurahi swali lilivyo zuri, nikaanza kuandika, nikaeleza nakala za akiba zinavyokaa, nikaeleza diski inavyofuta, nikawa niko aya ya nne nanong'ona ninachoandika, nikasikia upande wa pili wa kitanda mama watoto anagonga ubao.

Nikafuta zote nne. Nikaandika sentensi mbili, nikatuma.